Usiende Kuomba, Nenda Kuuliza

Wengi wenu mlikuwa zamu ya ghala Jumamosi, na tangu juzi simu hazinipi nafasi: "Ulisema nini kwenye mkutano?" Haya, nimeyaandika kama nilivyoyasema mbele ya chama chetu hapa Columbus, Ohio, Marekani. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwapo hawakuziona vizuri, taa ilikuwa kali.

*

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana, nanyi watoto mnaokimbizana huko nyuma, hamjambo? Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja mmoja mmoja wali utapoa.

Nimeombwa nieleze jinsi serikali kuu ya nchi hii inavyokuza biashara na kuinua uchumi wa mikoa iliyoachwa nyuma. Naomba nianze na samaki.

Pale Washington, hatua chache kutoka Ikulu, kuna jengo kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1932. Leo linaitwa kwa jina la Herbert Hoover, aliyekuwa Waziri wa Biashara kabla ya kuwa Rais. Humo ndimo ilimo Wizara ya Biashara. Na kwa miaka 81, mpaka Septemba 2013, ukishuka ghorofa ya chini kabisa ya jengo hilo ulikuta samaki. Matangi ya vioo, watoto wa shule wamebandika pua, na juu ya vichwa vyao maofisa wanajadili bei ya chuma.

Samaki kwenye Wizara ya Biashara! Walifikaje? Idara ya uvuvi ilikuwa chini ya wizara hiyo. Na mpaka leo wizara hiyohiyo ndiyo yenye utabiri wa hali ya hewa, yenye sensa ya watu, yenye hataza za wavumbuzi, yenye vipimo na viwango. Anayekuambia kesho theluji itaanguka na anayetafuta soko la matrekta, mshahara wao unatoka fungu moja.

Mimi nilipofika nchi hii nilidhani Wizara ya Biashara ni mahali pa kuchukua mkopo. Mnacheka? Nani humu hakudhani hivyo? Mama mmoja hapa mbele anainua mkono, ahsante mama, tuko wawili. Ndugu zangu, mikopo ya biashara ndogo ina wakala wake, SBA, uliojitegemea tangu 1953, na hata huo mara nyingi kazi yake ni kukudhamini kwa benki. Wizara ya Biashara ukienda na bakuli utarudi nalo tupu. Ukienda na swali, hapo utashangaa. Ndiyo maana leo nitalirudia neno moja mpaka mlichoke: usiende kuomba, nenda kuuliza.

Kwanza tuulize kwa nini nchi hii ikabidhi biashara kwa serikali kuu, wakati majimbo yake yana wivu na madaraka kuliko wake wenza.

Baada ya kumtoa Mwingereza, kila jimbo lilijiona nchi. New York ikawatoza ushuru majirani: kuni za Connecticut zikilipiwa, mazao ya New Jersey yakilipiwa. New Jersey wakakumbuka kwamba mnara wa taa wa New York, ule wa Sandy Hook unaoongoza meli, umesimama kwenye ardhi yao. Wakautoza kodi mnara. Wazee wa mipakani, Namanga na Mutukula, mnatabasamu, mnaona kitu mnachokijua. Septemba 1786 wajumbe wa majimbo matano tu walikutana Annapolis kuzungumzia biashara. Walikuwa wachache mno kuamua lolote, wakaitisha mkutano mwingine mwaka uliofuata, na kutoka huo ikatoka Katiba. Ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu: biashara kati ya jimbo na jimbo na kati ya nchi na nchi ni kazi ya Bunge la taifa, na bidhaa inayotoka kwenda nje haitozwi kodi ya kuuzwa nje. Kabisa. Mkipakia kontena bandarini hapa mtalipa gharama za kila aina, lakini kodi ya kuuza nje hamtalipa.

Wizara yenyewe ilikuja baadaye sana. Ilizaliwa 1903 enzi za Theodore Roosevelt ikiwa ya Biashara na Kazi, ikatenganishwa 1913. Hayo tuyapite.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana hadithi hii naipenda kuliko zote.

Jumapili, tarehe 7 Februari 1904, moto ulianza katikati ya mji wa Baltimore. Upepo ukaushika. Zimamoto wa Baltimore wakaona umewashinda, wakatuma habari kwa majirani. Washington wakaja kwa treni, na farasi na mashine zao. Philadelphia wakaja, New York wakaja. Watu wamefika, maji yapo, mipira ya maji ipo. Wakainama kuunga mpira kwenye bomba la mtaani. Haukuingia.

Haukuingia, ndugu zangu! Viungio vya Washington vilikuwa na kipenyo chake, vya Philadelphia na hesi zake, na bomba la Baltimore lilikuwa la Baltimore. Fikiria wewe ndiwe zimamoto umetoka mji mwingine, umesimama na mpira mkononi, maji yako mbele yako, na nyumba inaungua. Moto uliwaka kama saa 30. Majengo zaidi ya 1,500 yakateketea.

Ofisi ya taifa ya vipimo ilikuwa imehamia chini ya wizara mpya mwaka mmoja tu nyuma. Ikaagizwa kuchunguza. Ikakusanya viungio vya mipira ya zimamoto kutoka kila pembe ya nchi na kuvihesabu: aina zaidi ya 600. Kila fundi na kila mji na chake. Ndipo kukawekwa kiwango kimoja cha taifa.

Mtaniuliza, moto na biashara vinahusiana nini? Vinahusiana kwa kila kitu. Anayetengeneza viungio aina 600 hawezi kuuza mbali na mtaa wake. Hoover alipokuwa waziri miaka ya 1920 aliyashika hayo kama mwendawazimu. Matofali ya kutandika barabarani yalikuwa ya aina 66. Akawaita watengenezaji mezani, hakuwatungia sheria, akawauliza tu: hizi zote za nini? Wakatoka na 11. Kiwanda kikiwa na aina chache huweka akiba ndogo na hukata bei, na mnunuzi wa Texas anaagiza tofali la Ohio bila kulishika.

Na sisi kwetu? Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, sababu iliyotolewa ikiwa sumukuvu. Malori yalipanga foleni mpakani. Kiwango cha Afrika Mashariki kilikuwapo, kimeandikwa: sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Sasa mkulima wa Kibaigwa alikuwa na kipimo? Dereva aliyelala chini ya lori pale Namanga alikuwa na karatasi ya maabara inayokubalika ng'ambo ya kamba? Karatasi ya kiwango bila mtu wa kupima ni mpira usioingia kwenye bomba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wizara ni kupima na kuhesabu. Haina shamrashamra, hakuna waziri anayekata utepe kwa ajili ya hesi ya kiungio.

Niwahadithie kisa changu, nanyi mnicheke tena.

Miaka kadhaa iliyopita nilijaza kontena la futi 40 kwenda Dar es Salaam. Mashine za kushonea, vitanda vya hospitali vilivyotumika, majenereta mawili, na maboksi ya kila aina. Kampuni ya usafirishaji, sitaitaja, ikaniambia andika "vifaa mbalimbali", imeisha hiyo. Mimi niliyewahi kufanya kazi ya forodha Dar, mimi niliyewafokea watu kwa kosa hilohilo, nikaandika "vifaa mbalimbali". Nilikuwa na haraka, nimechoka, nimetoka zamu.

Bandarini likakaa. Wakala ananipigia simu saa nane usiku ya huku: "Bosi, wanataka maelezo ya kila kitu. Vitanda vinaingia fungu gani? Jenereta ni la kilowati ngapi?" Mimi nimekaa jikoni na taa ya friji, nahesabu siku. Kila siku gharama ya kuchelewesha kontena inapanda. Wiki ya tatu faida ikaisha. Wiki ya nne nikaanza kula mtaji.

Niliporudi kwenye akili yangu nikaenda kuuliza. Nikakuta kituo cha wizara cha kusaidia wauzaji wa nje, ofisi ya kawaida tu, mazulia ya kijivu, mama mmoja na kompyuta yake. Akanipa saa nzima bila senti. Akanionyesha kwamba kila bidhaa duniani ina namba yake ya forodha, tarakimu 6 za mwanzo zinafanana nchi zote, na hapa Marekani wameongeza mpaka 10 kwa ajili ya kuuza nje. Jenereta lina yake, kitanda kina chake. Na hiyo namba ikizidi thamani ya dola 2,500 katika shehena moja, lazima taarifa ya kielektroniki ijazwe kabla meli haijaondoka. Mnajua kanuni za taarifa hiyo ni za ofisi gani? Ofisi ya Sensa! Walewale wanaokuja mlangoni kuuliza mko wangapi. Kutokana na taarifa zetu ndipo wanapojua nchi imeuza nini wapi, na takwimu hizo zikitoka yeyote anaweza kuzisoma bure: mashine za kushonea ngapi zimekwenda Tanzania, mwezi gani, kwa dola ngapi. Mshindani wako amekuandikia soko lote, wewe bado unapiga ramli.

Ndugu zangu wa Bukavu, wa Lubumbashi, na jirani zao wa Burundi na Rwanda, hapa nawageukia ninyi. Kwenu gari hupita kulia, kwa hiyo magari ya huku yanawafaa; sisi wa Tanzania na Kenya tunayatazama kwa mate tu. Gari lililotumika likisafirishwa, taarifa hiyo ni lazima hata kama bei yake ni dola 900. Na hati ya umiliki ifikishwe forodha saa 72 kabla ya meli kuondoka. Wangapi humu wamelipia gereji ya bandari kwa sababu hati ilikuwa kwa shemeji huko Iowa? Sitaki mikono. Najua.

Wizara hiyo pia ina watu wake nje, ndani ya balozi. Nairobi wapo. Kazi yao ni kutambulisha: kampuni ya hapa inalipia ada, wao wanatafuta wanunuzi wa kweli, wanapanga miadi, unashuka ndege una mikutano mitano na watu waliochunguzwa. Masharti: bidhaa iwe ya Marekani, au angalau asilimia 51 ya thamani yake itoke hapa. Na msidhani ni ya wakubwa. Kati ya kila kampuni 100 zinazouza nje kutoka nchi hii, karibu 97 ni ndogo na za kati. Tena kazi yenyewe si matembezi. Waziri wa Biashara Ron Brown alikufa tarehe 3 Aprili 1996, ndege ilipogonga mlima karibu na Dubrovnik akiwa na msafara wa wafanyabiashara. Watu 35 waliokuwamo wote walikufa.

Sasa nije kwenye mikoa maskini, na hapa sitasifu tu.

Agosti 1965 Rais Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha EDA, idara ya maendeleo ya uchumi ndani ya wizara hii. Kanuni yake ni rahisi kuieleza. Eneo lenye wasio na kazi wanaozidi wastani wa taifa kwa angalau asilimia moja, kwa miezi 24, au lenye kipato cha mtu kisichozidi asilimia 80 ya kile cha taifa, linaweza kuomba. Linaomba bomba la maji machafu, barabara ya kufika kiwandani, jengo la kufundishia ufundi. Serikali kuu inatoa sehemu ya gharama, panapoumia zaidi inaongeza. Inayobaki wenyeji watafute. Mtu binafsi hapewi.

Aprili 1966 EDA ilitangaza mpango mkubwa mji wa Oakland, California. Dola milioni 23. Gati la meli, hanga la ndege, na ajira 3,000 kwa wasio na kazi, wengi wao weusi. Mtaa wa Watts, Los Angeles, huko huko California, ulikuwa umewaka kwa ghasia mwaka uliotangulia, na wakubwa waliogopa Oakland ingefuata. Nia ilikuwa njema? Ilikuwa njema. Pesa zilikuwapo? Zilikuwapo, zimeshapitishwa.

Miaka mitatu baadaye zilikuwa zimetumika kama milioni 3. Tatu! Sehemu kwa daraja la magari la kuelekea uwanja wa michezo, sehemu kwa wachora ramani. Ajira zilikuwa za kuhesabu kwa vidole ukilinganisha na ahadi. Hakuna aliyeiba. Waliokaa kuchunguza walikuta kwamba ili mradi usogee yalitakiwa maafikiano kama 70 kati ya ofisi na ofisi: Washington, ofisi ya kanda ya Seattle, bandari, shirika la ndege, jeshi la majini lililolalamika kuhusu gati, wahasibu. Kila mmoja hakukataa. Kila mmoja alichelewesha kidogo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, nasi tunaujua usemi huo tangu utotoni. Kosa la pili kwangu ni kubwa zaidi: walimpa mwajiri jengo kwanza, wakitumaini ajira zitafuata. Jengo likishasimama utamdai nini?

Nitie chumvi kidogo kwenye kidonda. Oktoba 1991 milima ya Oakland iliwaka moto, watu 25 wakafa. Miji jirani ikaja kusaidia. Na mabomba ya Oakland yalikuwa na kiungio cha inchi 3 wakati kiwango cha taifa ni inchi 2 na nusu. Miaka 87 baada ya Baltimore! Kwa sababu kiwango kile kilikuwa cha hiari, na wizara hii huweza kukuonyesha tu, haikushiki mkono.

Je, walijifunza? Kiasi. Mwaka 2022 EDA iligawa dola bilioni 1 kwa mashindano: walioomba walikuwa 529, wakachujwa wakabaki 60, wakashinda 21. Safari hii hawakupokea mji mmoja ulioomba jengo moja. Walitaka muungano: chuo, kaunti, waajiri, vyama vya wafanyakazi, wote wameshaketi pamoja kabla pesa haijafika. Mimi naona ni afadhali, ingawa najiuliza kuhusu wale 469 waliochujwa mwanzoni, waliokesha wakiandika bila kupata kitu. Kaunti maskini haina mtu wa kuandika maombi ya kurasa mia. Aliye navyo huongezewa.

Lakini kuna mlango ambao hauhitaji kurasa mia. Kila mkoa unaotaka pesa za EDA lazima uwe na mkakati ulioandikwa, unaosahihishwa angalau kila miaka 5, na lazima rasimu iwekwe wazi siku 30 ili wananchi waseme. Wananchi ni nani? Ni ninyi.

Nilikwenda kwenye kikao kimoja cha namna hiyo. Ukumbi wa maktaba, watu 14, sahani ya biskuti zilizokauka. Wanazungumza kwa masikitiko kwamba maghala hayapati wafanyakazi, watu siku hizi hawataki kazi. Nikanyoosha mkono. Nikasema, wafanyakazi wapo, wamejaa mtaani kwetu, wengine wana shahada. Zamu inaisha saa nane usiku na basi la mwisho limepita saa sita kasoro. Kimya. Mzee mmoja akageuza karatasi yake akaandika. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda basi lile. Rasimu ilipotoka, ukurasa wa katikati kulikuwa na sentensi moja kuhusu usafiri wa zamu ya usiku.

Basi halijaja. Nisiwadanganye, halijaja. Lakini ombi la pesa lazima liendane na mkakati ule, na sasa ipo sentensi ya kushikia. Rasimu nyingine ikitoka nataka tuwe 40 kwenye ukumbi ule, na biskuti tutapeleka zetu, za maana.

Mwenye gari la kwenda Bukavu aje na hati yake, nitakuwa meza ile ya chapati mpaka saa mbili usiku. Mwenye bidhaa asiyejua namba yake ya forodha aje pia, kompyuta ninayo. Ahsanteni.

*

Baadaye kulikuwa na maswali, mengi ya magari. Swali lililopigiwa makofi lilitoka kwa mtoto wa miaka saba, nane hivi, aliyekuja mpaka mbele: "Wale samaki walienda wapi?" Nikamwambia baadhi yao walihamishiwa Baltimore. Akafikiri kidogo. "Huko kwenye moto?" Huko huko, mwanangu.